Maji yamepimwa, mtoto je?

Watu hunijia na chupa. Nafanya kazi maabara, kipimo cha floraidi (madini ya majini ambayo yakiwa kidogo hulinda meno, yakizidi huyatia madoa) kiko mezani kwangu, na ndugu na marafiki wameshalijua hilo. Chupa ikipimwa na namba ikatoka, swali linalofuata ni lile lile: "Kwa hiyo mwanangu yuko salama?" Hapo huwa nanyamaza kidogo. Namba niliyotoa ni ya maji. Mtoto sijampima, na kumpima mtoto ni kazi nyingine kabisa, yenye mizani, vikombe, nepi, na mama aliyechoshwa na maswali.

Hiyo kazi nyingine nayo ni sehemu ya ajira yangu. Tunakwenda majumbani kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kujaribu kujua kila mmoja anaingiza floraidi kiasi gani kwa siku. Naandika haya ili nikiulizwa tena mlangoni nitume kiungo, niendelee na safari yangu.

Tuanze na namba zinazotajwa sana. Shirika la Afya Duniani limeweka miligramu 1.5 za floraidi kwa lita kuwa kikomo cha mwongozo kwa maji ya kunywa. Marekani, ambako miji mingi huongeza floraidi kwenye maji ya bomba ili kulinda meno, kiwango kinacholengwa tangu mwaka 2015 ni miligramu 0.7 kwa lita. Namba zote mbili zinaongelea lita ya maji. Hazisemi lita hiyo inanywewa na nani. Kinachohesabika mwilini ni dozi: floraidi iliyomo kwenye lita, zidisha kwa lita zilizonywewa kwa siku, gawanya kwa kilo za mnywaji. Ni hesabu ya shule ya msingi. Ila kati ya tarakimu hizo tatu, chupa unayoniletea inanipa moja tu.

Chukua maji yenye miligramu 1.5, yaliyo sawasawa na kikomo chenyewe, ambayo cheti chochote kingesema yanafaa. Mtu mzima wa kilo 70 anayekunywa lita mbili anaingiza miligramu 3 kwa siku. Kwa kila kilo ya mwili wake ni miligramu 0.043. Sasa mchukue mtoto wa miezi minne, kilo sita, asiyenyonya, anayelishwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji hayo hayo. Kwa siku yatatumika maji kama mililita 800. Hiyo ni miligramu 1.2, na ukigawanya kwa kilo sita unapata 0.2 kwa kila kilo. Ni karibu mara tano ya baba yake, na maji yametoka kwenye birika moja.

Wataalamu wa lishe wa Marekani waliweka mwaka 1997 kiwango cha juu cha miligramu 0.1 kwa kila kilo kwa siku kwa watoto wa chini ya miaka minane, na 0.05 kuwa kiasi cha kutosha kulinda meno kwa aliyevuka miezi sita. Mtoto wetu wa maziwa ya kopo amefika mara mbili ya kiwango cha juu kwa maji yaliyopita mtihani. Hata ukimpa maji ya 0.7 anafika 0.093, pua inagusa dari.

Na mwenzake anayenyonya? Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno, miligramu 0.01 kwa lita au pungufu ya hapo, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Kiasi kikubwa hakivuki kuingia kwenye maziwa. Kwa hiyo watoto wawili wa umri mmoja, wa nyumba moja na bomba moja, wanaweza kupishana zaidi ya mara mia kwa sababu mmoja ananyonya na mwingine hanyonyi. Ukiniletea chupa bila kuniambia hilo, umeniletea nusu ya nusu.

Jinsi tulivyofika kwenye mazoea ya kupima maji na kumwacha mtoto inaeleweka. Mwanzoni mwa karne iliyopita daktari wa meno Frederick McKay alikuta wakazi wa Colorado Springs, Marekani, wana meno yenye madoa ya kahawia, akahangaika miaka na miaka kutafuta sababu. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya alumini, ndiye aliyeikuta floraidi kwenye maji. Baadaye daktari mwingine wa meno, H. Trendley Dean, akalinganisha mji kwa mji, kiwango cha maji upande huu na meno ya watoto upande ule, na kutokana na kazi hiyo Grand Rapids ukawa mji wa kwanza kuongeza floraidi kwenye maji, Januari 1945. Kwa wakati wake kipimo cha Dean kilitosha. Watoto aliowachunguza walizaliwa na kukulia kwenye maji ya mji mmoja, na dawa ya meno yenye floraidi ilikuwa haijaingia sokoni. Maji yalikuwa karibu kila kitu, hivyo kuyapima maji ilikuwa karibu sawa na kumpima mtoto.

Lakini hata enzi hizo kulikuwa na watu walioshtuka. Mwaka 1957 watafiti Galagan na Vermillion walifuatilia watoto wa California wanakunywa kiasi gani kwa kila kilo ya uzito, wakapanga unywaji huo kulingana na joto la hewa. Penye joto zaidi, mtoto anakunywa zaidi. Ndiyo maana viwango vya Marekani vya mwaka 1962 havikuwa namba moja: vilikuwa kati ya 0.7 na 1.2 kutegemea joto la mahali. Naupenda utafiti ule kuliko mwingi uliofuata, kwa sababu ulianza na kinywa cha mtoto ndipo ukarudi kwenye bomba. Baadaye, mwaka 2015, ngazi hizo zilifutwa ikabaki 0.7 peke yake, kwa maelezo kwamba siku hizi tofauti ya unywaji kati ya penye joto na penye baridi haionekani tena, na kwamba floraidi inaingia kwa njia nyingi.

Sasa kipimo chenyewe. Nivumilie hapa, nakipenda.

Ni elektrodi, kijiti cha plastiki chenye kipande cha fuwele mwishoni, lanthani floraidi iliyotiwa yuropiamu kidogo. Watafiti Frant na Ross waliitangaza mwaka 1966 na mpaka leo ndiyo inayotawala kwenye maabara za kawaida. Fuwele hiyo ni kama mlinzi wa getini anayemjua mgeni mmoja tu: inapitisha ioni (chembe zenye chaji ya umeme) za floraidi, nyingine zinabaki nje. Tofauti ya floraidi kati ya ndani ya kijiti na nje yake inazaa umeme kidogo, mashine inausoma kwa milivolti. Floraidi ikipanda mara kumi, usomaji unashuka kama milivolti 59 kwenye nyuzi joto 25. Kabla ya sampuli yoyote naipitisha elektrodi kwenye myeyusho ambao kiwango chake nakijua, wa chini kwanza kisha wa juu, nione kama mteremko huo upo. Ukiwa umepungua sana, fuwele ni chafu au imechoka, na hapo hakuna sampuli itakayopimwa hata kama mwenye chupa amesimama dirishani.

Maji hayapimwi yakiwa peke yake. Tunayachanganya nusu kwa nusu na bafa inayofanya mambo matatu kwa mpigo. Inasawazisha chumvi ili maji matamu na maji ya chumvi yasomeke kwa mizani moja. Inashikilia asidi kwenye pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya 5 na kitu, kwa sababu asidi ikizidi floraidi inajishika na haidrojeni na elektrodi haiioni tena, na ikipungua mno ioni za haidroksidi zinajifanya floraidi. Tena ina kemikali ya kung'ang'ania metali, inayoibandua floraidi kutoka kwenye alumini na chuma. Hilo la mwisho watu hulisahau. Maji yaliyotibiwa kwa shabu yanaweza kuwa na floraidi iliyofungamana na alumini, na ukipima bila bafa unapata namba ndogo ya kufurahisha. Sampuli zote ziwe na joto moja, zikorogwe kwa mwendo mmoja, na ziwe kwenye plastiki, kwa sababu floraidi na kioo havipatani.

Vitu vyenye floraidi kidogo sana, kama maziwa ya mama, vinahitaji subira zaidi. Tunaigeuza floraidi kuwa mvuke ndani ya kisahani kilichofungwa kabisa, inanaswa kwenye tone la alkali chini ya kifuniko, inakaa usiku kucha, asubuhi tunapima tone. Kwa ufupi, ni kupima kitu karibu na sifuri bila kukichafua kwa mkono wako.

Haya yote, pamoja na mapenzi yangu, ndiyo sehemu rahisi. Nikipima maji yale yale leo na kesho, namba zitafanana. Kosa la maabara ni la asilimia chache. Kosa kubwa limekaa kwenye kikombe.

"Anakunywa vikombe vingapi kwa siku?"

"Vitatu, dada. Vinne kukiwa na joto."

"Naomba nikione hicho kikombe."

Mama analeta kikombe, na nyuma yake anatembea mtoto na kikombe kingine, kidogo, chenye mdomo wa kunyonya, na dirishani kuna kile cha dada yake ambacho naye anakinywea dada akigeuka. Cha kwanza kikijaa ni mililita 250. Lakini hakijazwi. Kikijazwa hakimalizwi. Kisichomalizwa kinamwagwa, au kinanywewa na mama, au kinarudishwa kwenye jagi. "Vitatu" vya mama huyu ni vikombe vitatu alivyovimimina. Vilivyoingia tumboni ni habari nyingine.

Kwa hiyo hatuishii kwenye kuuliza. Njia ninayoiamini ni kupima kwa mizani ya jikoni: kikombe kinapimwa kikijazwa, kinapimwa tena kikiwekwa chini, tofauti inaandikwa, na kilichomwagika kifuani kinakadiriwa kwa kupima kitambaa kilichofutia. Mama akipewa daftari lenye picha za vikombe na mistari ya robo, nusu na kujaa, anaandika vizuri kuliko akipewa karatasi yenye maswali, na siku ya pili anaandika vizuri kuliko siku ya kwanza. Siku moja haitoshi. Mtoto mwenye homa anakataa kula na kunywa, au anakunywa kupita kiasi. Siku ya mvua si sawa na siku ya jua. Tunachukua siku za kazi na siku ya mapumziko, maana aliye nyumbani siku ya mapumziko ni mtu mwingine na anamnywesha mtoto kwa utaratibu mwingine.

Kisha kuna maji yasiyonywewa kama maji. Uji ni maji. Supu ni maji. Nafaka iliyopikwa ikakauka imebeba floraidi ya maji yote iliyoyanywa. Barafu ni maji. Kuna njia ya kukusanya haya yote kwa pamoja, ya kuandaa sehemu ya pili: kila kitu anachokula na kunywa mtoto, kiasi kile kile kinawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko, na mwisho wa siku ndoo inakuja maabara inasagwa na kupimwa. Ni njia nzuri na ni mateso. Inamtaka mama apike cha ziada na atazamwe anavyolisha. Anayetazamwa hulisha vizuri kuliko kawaida yake, kwa hiyo nayo ina upotofu wake.

Bibi mmoja alinipa somo ambalo halikuwa kwenye fomu. Nilimwamkia, nikakaa, nikaanza maswali yangu: maji ya kunywa, maji ya kupikia, maji ya shule. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mbona huulizi ya kuogea? Huyu akiingia kwenye beseni anakunywa kama ng'ombe." Tangu hapo swali la beseni limeingia kwenye fomu, na majibu yake ni ya kushangaza kuliko mnavyodhani. Mtoto wa miaka miwili haheshimu mgawanyo wa maji ya kunywa na ya kuogea.

Swali la maji yapi ni zito kuliko la maji kiasi gani. Familia nyingi hazina maji mamoja. Kuna ya bomba, kuna ya kisima kirefu bomba likikatika, kuna ya mvua, kuna ya chupa kwa ajili ya mtoto tu. Maji ya mvua yana floraidi karibu na sifuri. Ya kisima inategemea mwamba. Floraidi hutoka kwenye madini ya ardhini, na maji yasiyo na kalsiamu ya kutosha ndiyo hubeba nyingi, kwa kuwa kalsiamu ikiwepo huishika floraidi na kuituamisha. Ndiyo sababu maeneo yenye miamba ya volkano na maji laini yana tatizo: Bonde la Ufa kutoka Ethiopia kupitia Kenya hadi Tanzania linajulikana duniani kote kwa hilo, na India na China zina maeneo mapana ya namna yake. Visima viwili vya jirani vikipishana kina vinaweza kupishana floraidi kabisa. Na floraidi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango hivi huionji. Anayekuambia anaijua kwa ulimi anajua chumvi nyingine.

Kwa hiyo sampuli isitoke bombani. Itoke kwenye chombo ambacho mtoto ananyweshwa, maana ndiko maji yalikochanganyika, ndiko yalikochemshwa. Kuchemsha, niseme wazi, kunaua vijidudu na hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki, hivyo lita moja ya 1.5 iliyochemka mpaka ikabaki mililita 800 sasa ina karibu 1.9 kwa lita.

Dawa ya meno si maji, lakini ukiiacha hesabu inakuwa ya uongo. Dawa yenye floraidi sehemu 1,000 kwa milioni ina miligramu moja ndani ya kila gramu. Tone la ukubwa wa punje ya njegere ni kama robo gramu, basi robo miligramu. Mtoto wa miaka miwili hajui kutema, anameza sehemu kubwa. Weka mtoto wa kilo 12 anayekunywa mililita 600 za maji yenye 1.2: ni miligramu 0.72. Apigwe mswaki mara mbili kwa punje ya njegere na kumeza yote, ongeza 0.5. Jumla 1.22, wakati kiwango chake cha juu ni 1.2. Maji peke yake yangesema ana nafasi tele. Jibu si kumnyima dawa, maana kuoza kwa meno nako si mzaha. Jibu ni kupaka kiasi cha punje ya mchele mpaka afikishe miaka mitatu, na mtu mzima ashike mswaki. Chai nayo ina floraidi, mmea wake huivuta toka ardhini, na ninakutana na watoto wadogo wanaoinywa kila asubuhi.

Kuna wanaosema: mbona msiache haya ya vikombe, mkapima mkojo? Tunapima. Floraidi ikimezwa na maji hufyonzwa upesi, damuni inafika kilele ndani ya saa moja hivi, na isiyoingia kwenye mifupa na meno inatoka kwa mkojo. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo mzima wa namna ya kukusanya. Uzuri wa mkojo ni kwamba haujali ilitoka kwenye uji au kwenye beseni.

Ubaya ni mwingi. Mkojo wa saa 24 kwa mtoto anayevaa nepi ni mtihani: mfuko wa kubandika unavuja na unawasha ngozi, nepi ya kisasa ina unga unaoushika mkojo kabisa, kwa hiyo tunaweka pamba ndani na kuikamua. Mkojo wa mara moja tu ni rahisi, ila unaonyesha alichokunywa muda mfupi uliopita na jinsi ulivyo mzito. Watafiti husahihisha uzito huo kwa kreatinini, ambayo hutoka kwenye misuli, na hapo napata wasiwasi: mtoto aliyekonda ana misuli kidogo, kreatinini kidogo, na floraidi yake "iliyosahihishwa" inaruka juu bila kosa lake. Juu ya hayo, mtoto anayekua anaibakiza floraidi kuliko mtu mzima. Mtu mzima hubakiza karibu nusu ya anayoifyonza, mtoto mdogo anaweza kubakiza hata asilimia 80 kwa sababu mifupa yake inajengwa. Mkojo unaonyesha kilichotoka. Kwa mtoto, cha maana ni kile kilichobaki. Na bado kuna kichekesho: mtoto mchanga anayenyonya anaweza kutoa kwa mkojo floraidi nyingi kuliko anayoingiza, kwa kuwa mifupa inaachia iliyokuwemo tangu tumboni.

Utaona ugumu huu kwenye mijadala mikubwa. Mwaka 2019 watafiti wa Canada, Green na wenzake, walichapisha utafiti juu ya floraidi wakati wa ujauzito na akili za watoto baadaye. Walipotumia mkojo wa mama, uhusiano na kushuka kwa alama za akili ulionekana kwa wavulana tu. Walipotumia makadirio ya vinywaji vya mama, ulionekana kwa wote. Ni utafiti mmoja, vipimo viwili, picha mbili. Mwaka 2024 mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu ulihitimisha, kwa uhakika wa wastani, kwamba kukutana na floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita kunahusiana na alama za chini za akili kwa watoto, na kwamba kwa 0.7 ushahidi haukutosha kusema. Nikisoma watu wakitukanana mtandaoni kuhusu hayo, huwa nawauliza kimya kimya: mlipima nini?

Halafu wakati. Meno ya mbele ya kudumu yanajengwa ndani ya fizi mtoto akiwa mdogo, na kipindi nyeti zaidi kwa madoa ni karibu kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu. Yanaota akiwa na miaka saba hivi. Mzazi anaona michirizi myeupe au ya kahawia akiwa na mtoto wa darasa la pili, anakimbilia kupima maji ya leo, wakati familia imeshahama na kisima kilishabadilishwa. Doa hilo ni kumbukumbu ya maji ya zamani. Kupima leo kunamsaidia mdogo wake. Kucha zinaturudisha nyuma kidogo, kipande unachokata leo kilijengwa miezi kadhaa iliyopita, na meno ya utoto yanayong'oka yamehifadhi historia ndefu zaidi. Nayakusanya. Watoto wengine wananiuzia kwa bei ya juu.

Namba ikitoka kubwa, kwa mtoto wa maziwa ya kopo hatua ya kwanza ni kubadili maji ya kukorogea maziwa tu, kabla hujafikiria nyumba nzima. Hayo ni mililita 800 kwa siku, yanapatikana. Maji ya mvua yaliyovunwa kwa usafi na kuchemshwa yanafaa. Vichujio vya mkaa wa mifupa vinanasa floraidi mpaka vichoke, na mashine zinazosukuma maji kupita kwenye utando laini sana zinaiondoa kwa kiasi kikubwa. Kichujio cha kawaida cha mkaa hakifanyi lolote la maana kwenye floraidi, hata kama maji yatakuwa matamu mdomoni. Kichujio chochote utakachoweka, pima maji yanayotoka, na urudie baada ya miezi, kwa sababu kichujio kilichochoka hakipigi kelele.

Basi ukija kwangu, chukua chupa ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yale yale, ijaze kutoka kwenye jagi au chupa anayonyweshwa mtoto. Kama kuna maji mengine, ya shule, ya kwa bibi, ya msimu wa mvua, kila moja na chupa yake na jina lake. Niandikie umri, uzito wa kliniki ya mwisho, ananyonya au analishwa maziwa ya kopo, na amehama lini. Kikombe chake kije pia, kile anachokitumia kweli, tukipime kikiwa kimejazwa kama unavyokijaza wewe. Dawa ya meno niandikie namba iliyo nyuma ya tyubu. Sampuli za asubuhi nazipima jioni ile ile, za jioni zinalala kwenye friji mpaka kesho.